Faini Kubwa, Amri Ndogo

Hadi miaka michache iliyopita, muuza vifaa vya simu pale Kariakoo ilimbidi atundike waya za chaji za namna tatu. Kulikuwa na ile bapa ya simu za zamani za Android, kulikuwa na Taipu C ambayo haijali umeichomeka juu au chini, na kulikuwa na waya wa aifoni, usioingia kwenye simu ya mtu mwingine yeyote. Mwenye aifoni akisahau chaja nyumbani alizunguka ofisi nzima akiuliza nani anayo. Septemba 2023 Apple ilizindua iPhone 15, na tundu lake likawa Taipu C, sawa na la Samsung, sawa na la Tecno.

Apple haikufanya hivyo kwa kuwaonea watu huruma, wala kwa sababu wateja walilalamika. Wateja walikuwa wamelalamika miaka nenda rudi. Kilichobadilisha mambo ni kura. Tarehe 4 Oktoba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha kwa kura 602 dhidi ya 13 sheria ya kwamba simu na tableti zitakazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia mwisho wa mwaka 2024 ziwe na tundu la chaji la aina moja. Hakuna mbunge wa Dodoma wala wa Nairobi aliyeulizwa. Hata hivyo waya umebadilika Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi kama ulivyobadilika Paris.

Nimeanza na kitu kidogo hivi makusudi. Ukiuliza kama serikali zinaweza kweli kuzidhibiti kampuni kubwa za teknolojia, utapata majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema kampuni hizi zina fedha kuliko nchi nyingi, kwa hiyo sheria ni kelele tu. Wapo wanaosema tungeni sheria kali, watozeni mabilioni, mambo yatanyooka. Kila upande una mifano yake, na mifano yenyewe ni ya kweli. Kinachopotea katikati ni kwamba ukali wa sheria na nguvu ya sheria ni vitu viwili tofauti. Faini za mabilioni zimepita bila kampuni kubadili hata kitufe kimoja, ilhali amri kuhusu tundu lenye upana usiofika sentimita moja imebadilisha viwanda vya dunia nzima.

Hata amri hiyo haikuja kirahisi. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwaita watengenezaji wa simu, Apple akiwemo, wakatia saini makubaliano ya hiari ya kutumia chaja moja. Hiari ina tafsiri pana. Apple ilitimiza ahadi yake kwa kuuza adapta: kijipande cha kuunganisha waya wa wengine na tundu lake yenyewe, ambacho mteja alikinunua kwa fedha yake. Mwaka 2012, huku makubaliano yakiwa bado yapo, ikaleta tundu jipya kabisa, Lightning. Na kampuni yoyote iliyotaka kutengeneza waya rasmi wa tundu hilo ilipaswa kuwa na leseni ya Apple na kuilipia. Tundu lilikuwa linaingiza fedha, na hakuna anayeziba kwa hiari bomba linalomletea fedha.

Amri ya 2022 ilifaulu kwa sababu haikuwa na pa kujificha. Afisa wa forodha bandarini Rotterdam hahitaji mwanasheria wala mtaalamu wa kompyuta ili ajue kama simu imefuata sheria, anachomeka waya. Halafu kuna hesabu ya kiwandani. Kutengeneza aifoni za aina mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya dunia iliyobaki, ni gharama na usumbufu wa kila siku: vipuri viwili, mistari miwili ya kuunganishia, maghala mawili. Ni nafuu kutii kila mahali. Anu Bradford, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Columbia, ameandika kwa kina jinsi kanuni za Brussels zinavyosafiri hadi nchi ambazo hazikuzitunga, kwa sababu tu kampuni hutaka bidhaa moja kwa soko zima.

Lakini husafiri pale tu ambapo kutengeneza bidhaa mbili ni ghali. Programu si hivyo.

Machi 2024 sheria nyingine ya Ulaya, ile ya Masoko ya Kidijitali, ilianza kuzibana kampuni zilizotajwa kuwa walinzi wa lango. Miongoni mwa mengine, iliitaka Apple iruhusu watu kupakua programu kutoka maduka mengine mbali na App Store, ambako Apple hukata hadi asilimia 30 ya mauzo. Sheria hii ni nzito kuliko ile ya chaja mara mia. Apple ikaitii, tena kwa siku iliyopangwa, lakini ndani ya mipaka ya nchi 27 tu. Simu ilipewa uwezo wa kujua iko wapi. Ukiwa na akaunti ya Ujerumani na uko Ujerumani, mlango umefunguka. Ukifunga safari kwenda Zanzibar ukakaa zaidi ya siku 30, lile duka lako mbadala haliwezi tena kusasisha programu ulizopakua. Juu ya hapo Apple ilianzisha ada mpya: kwa waliochagua masharti hayo mapya, programu ikishavuka watu milioni moja kwa mwaka, mwenye programu alipe nusu yuro kwa kila anayeongezeka, hata kama programu yenyewe ni ya bure. Mlango upo wazi, ila kizingiti kimepandishwa hadi magotini. Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza Apple yuro milioni 500 kwa kuendelea kuwazuia waundaji programu wasiwaelekeze wateja kwenye bei nafuu nje ya duka lake. Mvutano haujaisha.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba nchi fulani imepitisha sheria kali, nauliza kwanza: kampuni inaweza kuitii kwa kuchora duara kwenye ramani? Kama inaweza, itachora.

Sasa twende kwenye faini, maana ndizo zinazopewa vichwa vya habari. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook dola bilioni 5 baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, ambamo taarifa za watu wanaofikia milioni 87 zilichotwa kupitia programu ya maswali na majibu. Hakukuwa na faini kubwa kama hiyo katika historia ya tume hiyo. Habari zilipovuja, hisa za Facebook zilipanda. Wawekezaji walikuwa wamepiga hesabu: mwaka uliotangulia kampuni iliingiza karibu dola bilioni 56, kwa hiyo adhabu ilikuwa sawa na mapato ya mwezi mmoja hivi, na baada ya hapo biashara ya kukusanya taarifa za watu na kuuza matangazo ingeendelea kama kawaida. Makamishna wawili kati ya watano walipiga kura ya kuipinga suluhu hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Faini ya namna hii ni kodi iliyochelewa. Anayeilipa huiweka kwenye vitabu pamoja na umeme na pango.

Tatizo jingine la faini ni saa. Katika jambo hili hakuna kisa kinachoniuma kama cha Foundem. Adam na Shivaun Raff, mume na mke wa Uingereza, walianzisha tovuti ya kulinganisha bei za bidhaa. Juni 2006 tovuti yao ikatoweka kwenye matokeo ya Google. Haikuwa imefungwa, ilisukumwa chini hadi mahali ambapo hakuna mtu anayefika. Kwenye mitambo mingine ya utafutaji bado ilikuwa juu. Mwaka 2009 wakapeleka malalamiko Brussels. Uchunguzi rasmi ukafunguliwa 2010. Mwaka 2016 wakaifunga tovuti. Juni 2017 Google ikatozwa yuro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya manunuzi. Ikakata rufaa, ikashindwa, ikakata tena, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa neno la mwisho: Google ilikosa. Yaani mtoto aliyezaliwa siku malalamiko yalipopokelewa alikuwa kidato cha kwanza au cha pili hukumu ilipokamilika. Akina Raff walishinda kesi wakiwa hawana tena duka, na fedha za faini ziliingia kwenye bajeti ya Umoja wa Ulaya, si mifukoni mwao. Na Brussels iliiachia Google yenyewe ibuni namna ya kurekebisha kosa, nayo ikabuni mnada ambamo washindani hulipia nafasi ya kuonekana.

Mtu atasema basi dawa ni kuzivunja kampuni vipande. Huenda. Ila historia ya Marekani inanionyesha kitu kingine, kisicho na mbwembwe. Mwaka 1956 AT&T, iliyokuwa imeshika simu za nchi nzima, ilikubaliana na serikali kumaliza kesi bila kuvunjwa. Sharti moja lilikuwa kwamba hataza zake zilizokuwepo, zikiwemo za transista iliyovumbuliwa katika maabara zake za Bell, zitumiwe na kampuni nyingine za Marekani bila malipo. Hakuna aliyefungwa, hakuna bilioni iliyotajwa. Lakini ujuzi uliokuwa umefungiwa ndani ya kampuni moja ukamwagika nje, na sehemu kubwa ya sekta ya elektroniki iliyofuata ilijengwa juu yake. Google nayo iko kwenye njia inayofanana kidogo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Mahakamani ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Mwaka mmoja baadaye jaji alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, akaipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje, na kuiamuru iwagawie washindani sehemu ya data zake. Magazeti yaliandika kwamba Google imeponea chupuchupu. Mimi ningeliangalia zaidi hilo la data.

Haya yote ni ya wenzetu wenye masoko ya mamilioni ya wateja wa uwezo. Kwetu je?

Machi 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini Tanzania, ilishusha ukomo wa kamisheni ambayo kampuni za teksi mtandao zinaweza kumkata dereva, kutoka asilimia 33 hadi 15. Madereva wa Dar es Salaam walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba mafuta yanapanda, makato hayashuki, na gari ni la mkopo. Amri ilikuwa safi: namba moja, inayopimika kwenye risiti ya kila safari. Kwa kipimo cha waya wa chaji ilistahili kufaulu. Tarehe 14 Aprili Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Bolt baadaye ikabakiza huduma kwa wateja wa makampuni. Dereva aliyekuwa akikatwa hadi theluthi akajikuta hakatwi chochote, kwa sababu hapakuwa tena na abiria kutoka Uber. Mwishoni mwa mwaka LATRA ikapitia upya hesabu, ikaruhusu kamisheni hadi asilimia 25 na ada ya kuweka nafasi ya asilimia 3. Januari 2023 Uber ikarudi.

Wako waliosema serikali imepiga magoti. Nadhani wamesoma nusu ya kisa. Kutoka 33 hadi 28 bado ni fedha ya dereva, na haikutoka kwa hisani. Lakini kisa kinaonyesha nguvu iko wapi: Apple haiwezi kuihama Ulaya, Uber iliweza kuihama Dar es Salaam na makao yake San Francisco yasitikisike. Soko dogo linapotoa amri peke yake, kampuni ina jibu ambalo halihitaji mwanasheria. Inazima.

Kenya mwaka huohuo wa 2022 iliweka ukomo wake, asilimia 18, na kampuni zikabaki. Ungetarajia madereva wa Nairobi wawe wametulia. Mwaka 2024 waligoma, na wengi wakawa wanawadai abiria nauli kubwa kuliko ile inayoonyeshwa na programu, kwa viwango walivyojipangia wenyewe. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi. Chukulia safari ya shilingi 400 ambayo kampuni inakata asilimia 25: dereva anabaki na 300. Sasa sheria imeshusha makato hadi 18, lakini kampuni, ikigombea abiria na mwenzake, imeshusha nauli hadi 300: dereva anabaki na 246. Serikali ilishika mgao, haikushika nauli, na nauli hupangwa na mtambo ambao mamlaka haiuoni. Ukidhibiti namba moja katika hesabu yenye namba mbili, mwenye namba ya pili atacheka.

Kuna wakati serikali ya huku ilipiga hatua kubwa bila namba yoyote. Mwaka 2023 vijana wa Nairobi walipanga foleni ndefu kwenye jengo la KICC ili waangalie ndani ya tufe linalong'aa, lipige picha mboni za macho yao, na wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi elfu saba. Mradi uliitwa Worldcoin. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikuwa imekwisha kuiandikia kampuni Mei mwaka huo isimamishe ukusanyaji, foleni zikaendelea. Agosti serikali ikasimamisha mradi. Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Katiba Institute na wenzake, ikaamuru data za kibaiolojia za Wakenya zifutwe chini ya usimamizi wa ofisi hiyohiyo ya kamishna. Barua ilipuuzwa, hukumu ya mahakama haikupuuzika kirahisi hivyo. Sheria iliyotumika ilipitishwa 2019, wakati watu wengi waliona ulinzi wa data ni anasa ya Wazungu.

Si kila anayesema anadhibiti mitandao ana kampuni kichwani. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na Twitter. Facebook haikulipa hata senti. Alilipa muuza nyanya wa soko la Owino aliyetaka kumtumia mteja picha ya bidhaa, au akajifunza kutumia VPN. Kodi hiyo ilifutwa 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 kwenye bando. Tanzania nayo mwaka huohuo wa 2018 ililetewa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu akate leseni iliyomfikisha kwenye shilingi milioni mbili hivi. JamiiForums ilizima kwa muda mwezi Juni. Wenye mitambo mikubwa huko California hawakuulizwa chochote. Kuita haya udhibiti wa kampuni za teknolojia ni kulichafua jina, na ni sababu mojawapo ya wananchi wa kwetu kushtuka kila wanaposikia waziri anataka kusimamia mtandao.

Turudi kwenye kampuni, hasa za nyumbani, maana kubwa si lazima itoke ng'ambo. Hadi 2014 wakala wa M-Pesa Kenya hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai mwaka huo Safaricom ikawafungulia mawakala wake, makumi ya maelfu, wafanye kazi na yeyote. Vibanda vikaanza kuning'iniza mabango ya rangi mbili tatu. Je, M-Pesa ilipoteza nafasi yake? Kwa miaka mingi baadaye iliendelea kushika sehemu kubwa ya soko. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba amri haikufanya kitu. Wakala mwenye kibanda Kawangware ambaye sasa anapata kamisheni sehemu mbili angewajibu vingine. Udhibiti uliomfungua wakala haukulazimika kumwangusha Safaricom ili uhesabike kuwa na maana.

Linabaki lile suala la ukubwa wa soko, ambalo kwa Afrika Mashariki ndilo zito kuliko yote. Uber na Bolt zimefanya kazi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kila mji umezungumza nazo kwa wakati wake, bila kumwambia jirani. Si kwamba nchi hizi hazijui kufanya kitu kwa pamoja. Kuanzia Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda, na Sudan Kusini baadaye, zilikubaliana kwamba mtu akivuka mpaka asitozwe kupokea simu, na kupiga kusizidi senti 10 za Dola kwa dakika. Kampuni za simu zilinung'unika kuhusu mapato. Hakuna iliyozima minara, kwa sababu hakuna iliyokuwa tayari kuzihama nchi zote hizo kwa mkupuo. Mazungumzo ya simu kati ya Kigali na Nairobi yakaongezeka kwa kasi. Tanzania na Burundi zilikuwa nje ya mpango huo ulipoanza.